Fundi Aliyelipa Kodi Mapema

Mtu akiniambia kodi ni haki, siku hizi simjibu. Namwangalia tu mpaka ajishuku. Zamani nilikuwa nabishana, na niliyekuwa nabishana naye ni jirani yangu Simeon Mogaka, fundi wa kujenga, ambaye aliipenda kodi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Habari yake ndiyo ninayotaka kuiandika, na niseme mapema kwamba siandiki kwa utulivu.

Mimi ni Leonida, mama Jared, mjane, nauza ngege, samaki wa kukausha, katika soko la Migori. Mogaka alikuja kutoka milima ya Kisii mwaka wa hamsini na tano, pamoja na mkewe Bonareri na binti yao mchanga, Nyamoita. Akanunua shamba dogo linalopakana na langu, akajenga nyumba ambayo mpaka leo haina ufa. Ukuta wa Mogaka ulikuwa unajulikana. Wenye maduka walimngoja hata miezi miwili, na mafundi wengine wapo wamekaa.

Alikuwa Msabato, tena si wa mchezo. Ijumaa jua likianza kulegea, nyumbani kwake kulikuwa na pilikapilika utadhani watu wanahama. Chakula cha kesho kinapikwa, maji yanatekwa, viatu vinapakwa rangi. Kisha Mogaka anachukua mwiko wake, timazi, pochi, na kila karatasi inayohusu kazi au pesa, anaviweka ndani ya sanduku la mbao na kupiga kufuli. Sanduku hilo halifunguliwi mpaka jua la Jumamosi lizame. Mimi Mkatoliki nilikuwa namtania kwenye ua.

"Baba Nyamoita, na mwizi akija kesho?"

"Atakuta kufuli."

"Na njaa ikija?"

"Itakuta chakula kimepikwa jana, mama Jared. Nenda kauze samaki."

Kila Januari, wiki ya kwanza, alivaa koti na kwenda ofisi ya chifu kulipa kodi yake. Wiki ya kwanza! Wanaume wengine walikuwa wanangoja mpaka wafuatwe, na wengine hata wakifuatwa hawana cha kutoa. Yeye anarudi na risiti ameikunja vizuri, anapita kwangu makusudi ili nimuone. Mimi namuuliza kama chifu alimpikia chai.

Baba yake Mogaka alilipa kodi ya nyumba kwa Mzungu, kodi juu ya kila mke, na alitembea na kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, kwenye kikebe shingoni kama kengele ya ng'ombe. Nilimkumbusha hayo. Akasema ile ilikuwa ya mkoloni, ilichukuliwa ikaenda. Hii ya sasa ni yetu. Uhuru tumepata, sasa lazima tununue vitu vya nyumbani kwetu.

Na kweli alikuwa na kitu cha kunionyesha. Mwaka wa sitini na nne tulijenga zahanati kwa harambee, kwenye barabara ya kwenda Ogwedhi. Mogaka alichoma matofali, akasimamisha kuta zote bila kuchukua hata senti moja. Wanawake tulibeba maji na mchanga. Baraza la wilaya likaahidi kwamba sisi tukimaliza jengo, wao wataleta dresa wa kutibu watu, na dawa, kwa pesa ya kodi. Tukamaliza. Wakaleta. Siku ile dresa alipofungua mlango, Mogaka alinishika mkono mbele ya watu.

"Unaona? Sisi tumetoa ukuta, kodi imetoa dawa. Hiyo ni bei, mama Jared. Unalipa, unapata."

"Bei?" nikamwambia. "Mtu akija kwa meza yangu, akiona samaki haimpendezi, anaenda zake. Mimi simfungi kamba. Hii bei gani, usipotoa unafungwa?"

"Wewe ukikosa mteja, unakula hiyo samaki na watoto. Zahanati ikikosa mmoja, ikikosa mwingine, tutakula nini? Matofali?"

Jibu hilo lilinikera kwa sababu lilikuwa na maana. Nilikaa siku mbili nikitafuta la kumrudishia, sikupata. Nilikuwa nalipa ushuru kila siku ya soko, na choo cha soko kilikuwa kimebomoka tangu sijui lini, lakini zahanati ilikuwepo, na Jared wangu alitibiwa malaria pale. Mogaka alilihubiri jambo lake hata kanisani kwao, na watu wakamsikiliza. Wanaume wasiopungua ishirini wa kanisa lile walianza kulipa mapema kwa ajili ya mdomo wake.

Sasa nije kwa Masese.

Masese alikuwa karani wa kodi. Alitoka kilima kimoja na Mogaka kule Kisii, akalelewa Kisabato, akaimba kwaya hadi sauti ilipovunjika. Alipopata kazi aliacha kanisa. Hilo silitilii maanani, hata mimi misa nyingine hunipita. Lakini kila mwaka ukifika katikati, makarani walikuwa wanasukumwa na wakubwa wao kuonyesha watu waliokamatwa, na Masese alikuwa na akili. Alijua kuna watu ambao siku ya Jumamosi hawabebi pochi wala karatasi, hata ukiwakuta njiani huwezi kuwapata na kitu mfukoni. Alijua kwa sababu alizaliwa nao. Na alijua kwamba mgonjwa hana njia nyingine, lazima apite kwenye lango la zahanati.

Mtu mwingine angeweza kukosea hivyo bila kujua. Yeye alijua, na ndiyo maana mpaka leo nikilitaja jina lake mdomo unakuwa mchungu.

Ilikuwa Julai ya mwaka wa sitini na saba. Ijumaa jioni Mogaka alikuwa anazima chokaa nyuma ya duka la Ondieki, ili apake kuta Jumapili. Chokaa mbichi ukiimwagia maji huchemka yenyewe na kutapika. Kazi hiyo hufanywa polepole, naye siku zote aliifanya polepole. Lakini siku hiyo jua lilikuwa linamkimbia, Sabato inakaribia, akaharakisha. Donge moja likapasuka likamrukia jicho la kulia.

Ondieki alimwosha kwa ndoo nzima ya maji. Zahanati ilikuwa imeshafungwa. Mogaka akaja nyumbani ameziba jicho kwa kitambaa, akafunga sanduku lake kama kawaida, akasema maumivu yanapungua. Asubuhi jicho lilikuwa limevimba likafunga kabisa, na machozi yanatoka meupe. Bonareri na Nyamoita walikuwa na zamu ya kufungua kanisa, kwa hiyo aliwaambia watangulie. Mimi nilikuwa nampeleka Jared kufunga kidonda cha mguu, tukaongozana.

Langoni tulikuta meza. Meza, na kiti, na Masese amekaa akiandika, na askari wawili wamesimama mahali ambapo mlango wa zahanati unaonekana kabisa, hatua ishirini tu. Dresa alikuwa amesimama mlangoni anatuangalia. Wanaume kumi na kitu walikuwa wamekalishwa chini kando ya ukuta, mmoja anatetemeka kwa homa. Karibu wote walikuwa wamevaa suti zao za kanisa.

"Risiti," Masese akasema.

"Masese, ni mimi," Mogaka akajibu.

"Najua ni wewe, mzee. Lete risiti."

"Nimelipa Januari. Wewe ndiyo uliandika. Kwa mkono yako."

"Najua. Lakini mimi nikiacha wewe upite bila karatasi, hawa wengine watasema nini? Risiti iko wapi?"

"Iko nyumbani. Leo ni Sabato, unajua iko wapi."

Masese akaangalia daftari lake. Alijua. Nilimuona akijua.

Nikaingilia kati. Nikamwambia huyu mtu ana chokaa kwenye jicho, mpeni dresa amsafishe kwanza, atakimbilia wapi na hali hii? Askari mmoja akaniambia wanawake wapite na watoto, mambo ya kodi niwaachie wanaume. Nikamwambia matofali ya ukuta anaouegemea yalichomwa na huyu anayemzuia. Akatoka kwenye ukuta, akasimama wima. Hicho ndicho kitu pekee nilichofaulu asubuhi ile.

Basi nikamgeukia Mogaka. "Nipe ufunguo ya sanduku. Nakimbia mara moja, narudi."

Akatikisa kichwa.

"Baba Nyamoita! Ni karatasi tu!"

"Ni karatasi ya pesa. Mimi sifungui hiyo sanduku leo, na situmi mtu mwingine anifungulie. Nimelipa. Yeye anajua nimelipa. Aniache nipite kwa ukweli."

Nilimkasirikia kwa kadiri ile ile niliyomkasirikia Masese, na sioni aibu kukiri. Jicho linaungua, na mtu anashikilia kufuli! Nilitaka kumpiga kofi. Baadaye nimefikiri sana nikaona kwamba alikuwa anangoja jambo moja dogo tu, kwamba ile serikali yake aliyoilipa mapema imtambue uso. Akaketi chini na wenzake, mkono juu ya kitambaa.

Nilimwacha Jared na dresa, nikakimbia kanisani kwao. Niliingia na harufu yangu ya samaki katikati ya mahubiri, nikamkonyeza Bonareri. Alikuja nje. Nikamweleza yote. Tukaenda nyumbani, akachukua nyundo ya mumewe iliyosahaulika uani, akalipiga kufuli mara tatu likaachia.

"Mungu ataniuliza mimi," alisema. "Yeye asiulizwe."

Tuliporudi, meza haikuwepo. Lori lilikuwa limewabeba wote hadi kambi ya chifu, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Tulitembea. Tukafika saa tisa alasiri na risiti mkononi, na askari wa zamu akaishika juu chini, akasema yeye hasomi, anayesoma ni karani, na karani ameenda kukamata wengine. Tukaomba maji tumwoshe jicho kupitia dirisha la chumba alimofungiwa. Akasema dirisha si la kupitishia vitu. Bonareri alikaa pale chini mpaka Jumapili adhuhuri Masese aliporudi, akaiona risiti, akasema, "Mngeleta mapema," na kumfungulia Mogaka.

Mngeleta mapema. Aliambiwa hivyo mtu aliyelipa Januari!

Jumapili zahanati ilikuwa imefungwa. Jumatatu dresa aligeuza kope akatoa punje za chokaa kubwa kama mtama, akatikisa kichwa. Daktari wa misheni naye alisema hivyo hivyo: zingetolewa Jumamosi, jicho lingebaki. Sasa lilikuwa limegeuka jeupe kama la samaki aliyechemshwa, na halikuona tena.

Nilimfariji kijinga. Nilimwambia, "Si fundi akipima ukuta hufumba jicho moja? Wewe Mungu amekufumbia." Alicheka kidogo ili nisione haya. Kumbe jicho moja linaona mstari ulionyooka lakini halijui umbali. Nilimtazama kwenye kazi ya kwanza aliyojaribu. Mkono unakwenda kuchukua tofali na kushika hewa. Udongo unamwagika kando ya ukuta. Siku ya nne alikanyaga pembeni ya jukwaa akaanguka. Wenye maduka wakaanza kuita mafundi wengine, wale waliokuwa wamekaa.

Septemba aliamua kwenda Homa Bay, kwenye ofisi kubwa. Nilikuwa naenda huko kuchukua samaki, kwa hiyo nikamsindikiza. Alivaa koti lake. Ndani ya bahasha alikuwa na risiti zake zote tangu mwaka wa hamsini na sita, za Mzungu na za Uhuru, hakuna mwaka uliokosekana. Njia nzima alikuwa anapanga maneno yake. Hakutaka fidia ya utajiri. Alitaka wamwandikie barua kwamba walikosea, na baraza limpe kazi ya kulinda ile zahanati, kwa kuwa ujenzi umemshinda.

Bwana aliyetupokea alikuwa kijana mwenye tai, mpole sana, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. Alituletea viti. Alisikiliza mpaka mwisho. Mogaka akazipanga risiti juu ya meza moja moja, akasema, "Mimi nimelipa bei, bwana. Siku nahitaji kitu yenyewe, nimefungiwa mlango."

Yule bwana akazitazama. "Mzee, nani alikuambia kodi ni bei?"

Mogaka akanyoosha ukingo wa risiti ya mwisho.

"Bei ni ya dukani. Ukilipa kodi hununui kitu. Unalipa kwa sababu sheria inasema lipa. Zahanati ikiwepo ni vizuri, isipokuwepo bado utalipa. Tunaelewana? Na siku hiyo, hii ya mwaka huu, ulikuwa nayo mkononi?"

"Sikuwa nayo."

"Basi karani hakukosea. Pole sana kwa jicho."

Miaka mitatu nilikuwa natafuta la kumjibu Mogaka kuhusu neno hilo moja. Sasa mtu wa serikali mwenyewe, kwenye kiti cha serikali, alikuwa amenipa ushindi, na nilitamani kuuchukua nimtupie usoni. Nilisimama nikasema, "Huyu alikuwa mtu mmoja tu mliyekuwa naye! Mmoja! Wengine wote mnawakimbiza, huyu alikuwa anakuja mwenyewe!" Yule bwana akaniomba nipunguze sauti. Mogaka alikuwa anakusanya risiti zake, na kwa kuwa hakuweza kupima umbali, mkono ulikuwa unagusa meza kando ya karatasi. Bwana akamsaidia kuzirudisha kwenye bahasha.

Tukarudi nyumbani. Mogaka aliendelea kwenda kanisani, akaendelea kutoa fungu la kumi, maana hilo alisema hajawahi kuambiwa ni la nini na amelipenda hivyo hivyo. Alilima. Nyamoita akaacha shule akamsaidia mama yake kuuza ndizi. Wale ishirini wa kanisani wakarudia mtindo wao wa zamani wa kungoja wafuatwe, na hakuna aliyewalaumu.

Januari ikaja. Wiki ya kwanza ikapita, nikautazama ua wake nikingoja koti. Ya pili ikapita. Sikumtania. Ingekuwa mchezo mbaya, na isitoshe nilikuwa naogopa atanijibu.

Mwezi wa Machi, asubuhi moja kama saa nne, nilikuwa nageuza samaki kwenye moshi nikasikia lori. Watu wanakimbia barabarani. Nikamsikia mtu akipita kwenye ua wangu kwa kishindo, kisha mlango wa banda langu la samaki ukagonga. Sikugeuka. Askari walikuja na karani mpya, si Masese, kijana tu mwenye daftari.

"Mama, yule fundi wa jicho moja amepita hapa?"

"Ameenda Ogwedhi, mnadani. Tangu jana."

"Una uhakika?"

"Mimi ni mkewe? Nenda muulize mkewe."

Wakaenda. Nikangoja mpaka lori lilipowashwa. Nikafungua banda.

Mogaka alikuwa amechuchumaa nyuma ya matenga, magoti yamegusa kidevu, mtu wa miaka hamsini na mitatu aliyejenga nusu ya maduka ya Migori. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili asikohoe. Moshi ulikuwa umelijaza machozi lile jicho lake moja, na nadhani hakuwa ananiona vizuri, kwa sababu alirudi nyuma kwanza kabla ya kunitambua.

"Wameenda?"

"Wameenda, baba Nyamoita. Toka."

Hakutoka.

"Hebu angalia tena," akasema.

Nikaenda barabarani, nikaangalia tena.